Kurekebisha klachi ya pikipiki ya zamani: anzia kwenye injini, malizia mkononi

Pikipiki ya zamani ikianza kushindwa mlima, dawa ambayo wengi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, huikimbilia ni kukaza waya wa klachi. Mwenye piki anakaza, anapanda, anaona hakuna mabadiliko, anakaza tena. Baadaye anafika gereji akisema klachi imekufa na anataka pleti mpya. Mara nyingi pleti zilikuwa nzima siku alipoanza kukaza, na kilichoziua ni kule kukaza kwenyewe. Klachi inayoteleza haitaki waya ukazwe, inataka ulegezwe. Ukilielewa hilo pamoja na sababu yake, kazi iliyobaki utaiweza mwenyewe ukiwa na spana chache na bisibisi.

Ninazungumzia piki za zamani zenye klachi ya mkono: Honda CG125 iliyoanza kutoka mwaka 1976, Yamaha AG100 ambazo maofisa ugani walizunguka nazo vijijini, na zile za Kiingereza kama Triumph na BSA, kwa aliyebahatika kurithi moja ikiwa bado na viungo vyake. Mwishoni nitaigusa Honda Cub, maana haina mkono wa klachi lakini ina klachi, na watu wengi hawajui kwamba hata hiyo hurekebishwa.

Ndani mna nini

Klachi ya piki hizi ni rundo la pleti zilizopangwa kwa kupokezana. Moja ina vipande vya msuguano na meno yake yameingia kwenye hausingi, yaani ganda la nje, inayozungushwa na injini. Inayofuata ni ya chuma tupu na meno yake yameshika kitovu kinachopeleka nguvu kwenye gia boksi. Springi ndizo zinazolibana rundo lote. Ukivuta mkono wa klachi, waya unavuta kikono kidogo kilichoko kwenye injini, kikono kinasukuma, springi zinakandamizwa, na pleti zinaachana. Ukiachia, springi zinabana tena.

Ili zibane kwa nguvu zake zote, lazima waya uwe na ulegevu kidogo wakati mkono umeachiwa. Waya uliokazwa mpaka mwisho ni kama dereva anayesafiri kutoka hapa hadi Mbale bila kuondoa vidole kwenye klachi: springi zinakandamizwa kidogo muda wote, pleti zinasuguana badala ya kushikana, zinapata moto, na zinaliwa.

Kuna jambo lingine ambalo fundi anayekaza bila kutazama hulikosa. Waya ukitumika sana hunyooka, na ulegevu unaongezeka. Pleti zikiliwa, rundo linapungua unene, springi zinaisogeza pleti ya kubana karibu na kile kinachoisukuma, na ulegevu unapungua. Kwa hiyo ukiona mkono wa klachi umelegea zaidi kuliko mwezi uliopita, shuku waya. Ukiona umekaza wenyewe bila mtu kugusa ajasta, yaani skrubu ya kurekebishia waya, shuku pleti, na ulegeze waya siku hiyohiyo kabla hujasafiri. Ukiangalia ulegevu mara kwa mara, wenyewe utakuambia hali ya klachi bila kufungua hata bolti moja.

Kwanza ujue ugonjwa

Klachi ya zamani huugua kwa namna mbili, na tiba zake zinapingana, kwa hiyo usishike spana kabla hujajua ni ipi.

Inayoteleza: injini inalia zaidi lakini piki haiongezi mwendo. Ijaribu injini ikiwa imepata moto, ukiwa gia ya tatu au ya nne kwenye mlima, kisha ongeza akseleta kwa ghafla. Barabara ya Tororo kwenda Mbale sehemu kubwa ni tambarare na inaweza kukuficha ugonjwa. Anayepanda Kapchorwa akiwa na abiria na gunia hafichwi kitu.

Isiyoachia: umevuta mkono mpaka mwisho lakini piki bado inataka kwenda, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, na nyutro haipatikani ukiwa umesimama. Hapa waya huwa umelegea mno, au kuna kitu kimenasa ndani.

Kabla ya yote, angalia oili. Klachi hizi zinaogelea kwenye oili, na kwenye CG125 oili hiyo ndiyo ileile ya injini. Oili ya magari madogo ya kisasa mara nyingi huongezwa vilainishi vya kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo, na vilainishi hivyo huzifanya pleti za piki ziteleze hata kama kila kitu kimerekebishwa vizuri. Tafuta kwenye chupa maandishi JASO MA. Ni alama ya kiwango cha Kijapani kilichowekwa mwaka 1998 kwa ajili ya piki zenye klachi ya oili. Chupa iliyoandikwa JASO MB ni ya skuta na nyingine zisizo na klachi ya namna hii, iache. Kwa joto letu, 20W-50 yenye MA inafaa injini ya zamani. Ukikuta oili isiyofaa, mwaga, weka inayofaa, endesha siku kadhaa, ndipo uihukumu klachi. Oili chafu iweke kwenye dumu. Usiimwage kwenye mfereji unaoelekea kisimani.

CG125 na ndugu zake

Kazi hii ifanye asubuhi, injini ikiwa baridi. Simamisha piki kwenye stendi ya katikati, mahali tambarare. Andaa spana namba 10 na 12, koleo, kitambaa, rula, na oili nyepesi kidogo.

Hatua ya kwanza ni kupima. Sukuma kwa kidole ncha ya mkono wa klachi, pale mwisho kwenye kile kidonge cha chuma, mpaka uhisi waya umeanza kushika. Umbali ambao ncha imesafiri kabla ya kushika ndio ulegevu. Kwa Honda hizi unatakiwa uwe kati ya milimita 10 na 20. Kwa Yamaha nyingi za zamani hupimwa mahali tofauti, kwenye pengo kati ya mkono na kishikio chake karibu na bolti ya kuzungukia, na hapo huwa milimita 2 hadi 3. Ukichanganya vipimo hivi viwili, ukaweka milimita 2 kwenye ncha ya mkono wa Honda, utakuwa umeitengenezea klachi yako ugonjwa.

Hatua ya pili, kagua waya kabla ya kuurekebisha. Vuta mpira wa kufunika vumbi, na uangalie pale waya unapoingia kwenye risasi ya mwisho, kile kidonge kinachoshika ncha ya waya. Hapo ndipo nyuzi huanza kukatika, moja baada ya nyingine, na nyuzi zilizokatika hujikunja na kuchoma kidole. Ukiona hata uzi mmoja umetoka, nunua waya mpya. Hakuna marekebisho yatakayotulia kwenye waya unaokatika. Kisha geuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho. Kama ulegevu unabadilika, waya umepitishwa vibaya, pengine umebanwa na tangi au na ile bati ya mizigo iliyochomelewa mbele. Upitishe upya kwanza.

Waya mkavu nao hudanganya. Unaweza kuutoa, ukauning'iniza ukutani, ukafunga kipande cha kaveera (mfuko wa plastiki) juu yake kwa uzi kama faneli, ukadondosha oili nyepesi na kuuacha usiku kucha mpaka oili itokee chini. Waya wenye bomba la nailoni ndani hauhitaji oili, usafishe tu.

Hatua ya tatu ndiyo yenye siri ya kazi nzima: legeza ajasta ya juu kabisa. Ile iliyo kwenye mkono wa klachi, yenye duara la kufunga, izungushe iingie ndani mpaka karibu iguse, kisha irudishe kama mzunguko mmoja. Sasa ajasta ya juu iko mwanzoni, na marekebisho yote makubwa utayafanya chini.

Mwalimu mmoja mstaafu alileta CG yake akasema, "Fundi, hii nimeikaza mpaka ajasta imekwisha." Nikamwambia, "Shikamoo Mwalimu, hebu tuione." Kweli, ajasta ya juu ilikuwa imetoka nje yote, imeshikiliwa na uzi mmoja wa skrubu, imepinda, na mfereji wake, ule mpasuko wa kupitishia waya, umetazama angani ukiwa umejaa tope jekundu. Kule chini kwenye injini, nati zote mbili zilikuwa bado na rangi ya kutu ya miaka mingi. Hakuna mtu aliyewahi kuzigusa. Ajasta ya juu ni ya marekebisho madogo ya barabarani. Ukiimaliza, siku waya ukinyooka ukiwa porini hutakuwa na pa kukimbilia.

Hatua ya nne, nenda chini. Fuata waya mpaka kwenye injini, utaona unapita kwenye kishikio cha chuma ukiwa na nati mbili, moja kila upande. Safisha nyuzi za skrubu kwa brashi, weka tone la oili, subiri. Ukizilazimisha zikiwa na kutu utaipindua skrubu au utavunja kishikio, na kishikio chenyewe kimefungwa kwenye kava la aluminiamu ambalo halisamehi. Legeza nati moja, zungusha nyingine: ukisogeza bomba la waya mbali na kikono, waya unakaza; ukilisogeza karibu, unalegea. Tafuta ulegevu wa kama milimita 15 kwenye ncha ya mkono. Kisha kaza nati zote mbili zibane kishikio. Zishikilie kwa spana mbili, kwa sababu ukikaza moja peke yake, nyingine huifuata na kipimo chako kinapotea.

Angalia pia pembe ya kikono cha injini. Mkono wa klachi ukiwa umevutwa nusu, kikono na waya vinapaswa kukutana kwa pembe mraba au karibu yake. Kikiwa kimelala sana, utavuta kwa nguvu nyingi na pleti zitaachana kidogo tu. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba fundi aliyepita alikirudisha jino moja mbele au nyuma.

Hatua ya tano, rudi juu umalizie kwa ajasta ya mkononi mpaka ulegevu uwe unaoutaka ndani ya zile milimita 10 hadi 20. Wenye mikono midogo hupenda klachi ishike karibu na usukani, wengine mbali. Ni sawa, mradi ulegevu upo. Kaza duara la kufunga, kisha uhakikishe mifereji ya ajasta, ya duara na ya kishikio haikupangana mstari mmoja, na hasa haitazami juu. Mifereji ikipangana ndipo waya unapochomoka, na ikitazama juu inakunywa mvua ya Aprili na vumbi la Januari. Rudisha mpira wake. Kama umechanika, kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha.

Triumph, BSA na nyingine zenye skrubu ya katikati

Kwenye piki hizi za Kiingereza kuna marekebisho mawili, na waya ni la pili. La kwanza liko ndani, katikati ya pleti ya kubana, ambako skrubu yenye nati hugusana na fimbo inayopita ndani ya shafti. Ukirekebisha waya bila kuigusa skrubu hii, unazunguka nje ya nyumba.

Legeza waya kabisa kwenye mkono. Fungua kifuniko cha ukaguzi kwenye kava la cheni ya kwanza. Kwenye modeli zisizo nacho utaondoa kava lote, kwa hiyo andaa gasketi na chombo cha oili. Legeza nati ya katikati, kisha zungusha skrubu taratibu kwa bisibisi kwenda ndani mpaka uhisi imegusa fimbo na imeanza kuwa nzito. Hapo simama. Irudishe nyuma nusu mzunguko. Vitabu vya baadhi ya modeli za Triumph husema mzunguko mzima, na kama unacho kitabu cha modeli yako, kifuate. Shikilia skrubu kwa bisibisi isizunguke huku unakaza nati. Baadaye ndipo urejeshe waya mpaka mkononi kuwe na ulegevu wa karibu milimita 3 kwenye pengo la kishikio.

Kama kava liko wazi, tumia nafasi hiyo. Vuta mkono wa klachi, sukuma kiki taratibu, na uitazame pleti ya kubana inavyozunguka. Inapaswa kuinuka sawasawa pande zote. Ikiyumba, upande mmoja unaachia na mwingine bado umeshika, na hapo ndipo piki inapokataa nyutro hata waya ukiwa sahihi kabisa. Tafuta mahali panapoinuka kidogo, legeza nati ya springi iliyo karibu napo nusu mzunguko, zungusha tena kiki, tazama tena. Ni kazi ya subira na usiiharakishe. Nati hizo zina kijino chini yake kinachoshika springi, hivyo bisibisi ya kawaida huteleza. Chukua bisibisi pana ya zamani, ikate mfereji katikati kwa jiwe la kunolea, iweze kukalia pande mbili za nati na kuipisha skrubu. Fundi chuma yeyote wa Katwe, kule Kampala, atakutengenezea ukingali umesimama.

Piki hizi zina desturi nyingine nzuri: asubuhi kabla ya kuwasha, vuta klachi na upige kiki mara mbili tatu. Pleti zilizogandishwa na oili usiku zitaachana, na gia ya kwanza itaingia kimya.

Honda Cub

Cub, iliyoanza mwaka 1958 na kufikisha piki milioni 100 mwaka 2017, ina klachi inayofanya kazi yenyewe kadiri injini inavyoongeza mzunguko, na huachia unapokanyaga gia. Upande wa kulia wa injini kuna skrubu yenye nati. Injini ikiwa imezimwa, legeza nati, zungusha skrubu kwa mwelekeo wa saa mzunguko mmoja, kisha irudishe taratibu kinyume cha saa mpaka uhisi uzito kidogo. Kutoka hapo izungushe tena kwa mwelekeo wa saa kama thumuni ya mzunguko, uishikilie, ukaze nati. Kama gia zilikuwa zinaingia kwa kuruka, tofauti utaiona mara moja.

Marekebisho yanaposhindikana

Ulegevu ni sahihi, oili ni ya MA, na bado inateleza kwenye mlima: sasa fungua. Pleti mpya za Honda ndogo nyingi huwa na unene wa karibu milimita 3, na zikikaribia 2.6 muda wake umekwisha. Springi zitoe zote uzisimamishe kwenye meza pamoja na mpya moja. Zilizofupika utaziona kwa macho. Badilisha zote, si moja. Pleti mpya ziloweke kwenye oili ya injini kabla ya kuzipanga, tangu usiku uliotangulia kama unaweza, kwa sababu zikianza kazi zikiwa kavu huungua siku ya kwanza.

Kama tatizo ni kutoachia, laza kila pleti ya chuma juu ya kioo. Iliyopinda itacheza ukiibonyeza ukingoni, na mara nyingi ina rangi ya bluu ya kuungua. Pitisha kidole kwenye kuta za hausingi, pale meno ya pleti yanapokaa. Ukihisi vishimo, pleti hunasa humo na hazitelezi kuachana. Vishimo vidogo vinasawazishwa kwa tupa ndogo, kwa uangalifu na kwa usawa pande zote. Vikiwa virefu, hausingi ibadilishwe. Jihadhari na pleti za bei nafuu zisizo na jina. Nyingine vipande vyake vya msuguano hubanduka na kuziba njia za oili, na hapo utalipia injini badala ya klachi.

Kwa vijana wa boda wanaoendesha piki hizi za wazazi wao: foleni ya Kampala si sababu ya kushika klachi nusu. Weka nyutro, subiri, ingiza gia ya kwanza njia ikifunguka. Na vidole vikae kwenye usukani, visipumzike juu ya mkono wa klachi. Hakuna ajasta inayoweza kukuondolea mzigo wa vidole vyako mwenyewe.

Waya mpya hunyooka haraka katika siku zake za kwanza, kwa hiyo upime tena baada ya safari ya kwanza ndefu na uumalizie kwa ajasta ya juu peke yake. Ule wa zamani, kama bado una nyuzi zake zote, upake oili, uukunje na uufunge chini ya kiti. Ukikatikiwa mbali na mji, utakufikisha nyumbani.